Tupeane uzoefu: baiskeli asubuhi ya baridi kali, miguuni mnavaa nini?

Kibena Kila Siku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kipupwe. Niko Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na anayeijua Njombe ya Juni hadi Agosti sina haja ya kumweleza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu umelala barabarani, kwenye majani umande umeganda, na mimi natakiwa niwe juu ya baiskeli naelekea kazini upande wa Kibena.

Juu sina shida. Fulana, sweta, koti, glavu, kofia ya sufu chini ya helmeti. Shida ni kuanzia kiunoni kushuka. Suruali ya kadeti inapitisha upepo kama chandarua. Nikivaa mbili, magoti yanabanwa na kile kilima cha mwisho nakisukuma kwa mguu. Traksuti inaliwa na mnyororo.

Mnaoishi kwenye baridi, mnavaa nini? Aseme mtu anachovaa yeye, sababu yake, na alikipata wapi. Walioko Dar wanaotaka kuandika "mbona huku joto", piteni tu salama.

Fundi Spoku

Mkuu, kwanza tumalize la mnyororo. Mnyororo uko kulia, kwa hiyo unabana mguu wa kulia tu. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata pete ya upana wa vidole viwili, vaa juu ya suruali pale kifundoni. Isikaze. Nimeona watu wanajifunga mpaka damu inashindwa kushuka, halafu wanalalamika vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

La pili, angalia traksuti yako imetengenezwa kwa nini. Kama ni pamba, iache nyumbani. Pamba ikinywa jasho au ukungu haikauki mapema, na ukianza kuteremka mteremko unakuwa umevaa kitambaa cha maji. Poliesta ya bei rahisi inaishinda pamba ya bei kubwa kwenye kazi hii.

Limuru Maziwa

Salamu kutoka Limuru. Mimi hupeleka maziwa kwa baiskeli kabla jua halijatoka, na Julai ya huku mnaisikia tu kwa redio.

Nilianza na suruali ya mvua, zile za plastiki za wafanyakazi wa shamba, juu ya suruali ya ndani ya mtumba kutoka soko la Gikomba. Upepo ulikoma kabisa. Lakini kufikia nyumba ya tatu niko majimaji ndani, na nikisimama kupimia mama maziwa lile jasho linageuka barafu. Nikaenda kwa fundi cherehani na koti kuukuu la upepo, lile jepesi la nailoni. Akakata vipande, akavishona mbele ya taiti yangu nene: mapaja, magoti, hadi nusu ya muundi. Nyuma akaacha kitambaa cha kawaida. Upepo unagonga mbele unakwama, jasho linatokea nyuma. Hiyo ndiyo nguo yangu mpaka leo, na fundi ameshawashonea wenzangu wengine wa maziwa.

Mpanda Vilima wa Arusha

@Limuru Maziwa, hongera sana, kwa sababu hizo taiti za baiskeli zinazouzwa bei ya mbuzi zimeshonwa hivyohivyo: mbele kitambaa kizito kisichopitisha upepo, nyuma chepesi chenye manyoya ndani.

Watu wanavaa kwa kuangalia kipimajoto wakasahau kwamba mwendesha baiskeli anajitengenezea upepo wake. Kwa hesabu za wataalamu wa hali ya hewa, nyuzi joto 5 ukiwa kwenye kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi 0 au 1. Kwenye mteremko unaenda hata 45. Mapaja yana misuli mikubwa inayofanya kazi, yanajipasha yenyewe. Goti ni ngozi, mfupa na kano, halafu ndilo limetangulia mbele kuupokea upepo. Kwa hiyo mkuu wa Njombe, ukiwa na pesa ya kufunika kitu kimoja, funika magoti.

Sisi wa klabu kwa kawaida tunachagua kati ya vitu viwili. Kuna taiti ndefu zenye kanda za mabegani. Kanda zinapandisha kitambaa hadi mgongoni, kwa hiyo ukiinama kiuno hakibaki nje. Ubaya wake, ukitaka kwenda haja lazima uvue koti na jezi kwanza, na dada zetu ndio wanaoteseka zaidi. Kuna pia vifuniko vya miguu, ambavyo ni kama soksi ndefu zisizo na nyayo, kutoka pajani hadi kifundoni, vinavaliwa na bukta ya baiskeli. Mimi ni mtu wa vifuniko. Tunapoanza kupanda kuelekea Monduli asubuhi ni baridi, saa nne jua limewaka. Unasimama, unavivua bila kuvua viatu kama vina zipu, unavitia mfuko wa nyuma wa jezi, safari inaendelea. Aliyevaa taiti nzito anaiva humo ndani mpaka nyumbani.

Kanuni ndogo ambazo dukani hamwambiwi: mdomo wa kifuniko uingie chini ya bukta, usikae juu yake, la sivyo unateremka. Sponji ya kukalia iwe moja tu. Usivae bukta yenye sponji ndani ya taiti yenye sponji. Na ndani ya sponji havaliwi chupi. Najua mtashangaa, lakini mishono ya chupi ndiyo inayochubua.

Mama Wawili Mbeya

Hili la chupi ndio nalisikia leo. Haya.

Jamani, mbona mnajibu kama wanaume peke yao ndio wanaendesha? Mimi nafundisha shule, siwezi kufika getini na taiti inayonichora, wanafunzi watanipa jina kabla ya paredi. Ninachofanya: taiti nene ya manyoya ndani, juu navaa bukta pana ya mpira wa miguu inayofika magotini. Nikifika navaa sketi juu, natoa bukta, taiti inabaki kunipasha darasani, maana darasa nalo ni friji.

Ila msidanganywe na manyoya. Manyoya yanashika joto ukiwa umekaa. Ukiwa kwenye mwendo upepo unapenya katikati kana kwamba hujavaa. Ndiyo maana ile bukta juu inanisaidia hata kama haikununuliwa kwa kazi hiyo.

Bibi Nassor, Copenhagen

Assalaam alaykum wanangu. Mie mtu wa Unguja, nimezeekea huku Denmark, na baiskeli ndiyo gari yangu majira yote. Hayo mataiti ya kanda siyataki na sijayavaa.

Nnavaa suruali ya ndani ya sufu ya merino, juu yake sketi yangu ndefu ya kitambaa kizito. Basi. Sufu hata ikilowa kidogo bado inakupa joto, na haishiki harufu upesi, unaweza kuivaa siku kadhaa ukiianika usiku. Huku hakuna vilima, kuna upepo wa baharini. Nyuzi 0 na mwendo wa kilomita 20 mwili unasikia nyuzi 5 chini ya sifuri, lakini mtu mzima hakimbilii kitu, nnakwenda taratibu, na mwendo mdogo nao ni nguo.

Kwa wanaovaa sketi au buibui: baiskeli iwe na kasha la mnyororo na wavu ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Huku zipo zinazokuja nazo. Mvua ikinyesha nnavuta suruali ya mvua juu ya kila kitu, miguu yake ikishuka NJE ya viatu. Vijana wanaichomeka ndani ya buti, maji yote yanateremka humo humo, kisha wanapiga chafya wiki nzima.

Baridi Haizoeleki (Minneapolis)

Shikamoo Bibi. Hapo kwenye mwendo mdogo umesema kweli tupu.

Huku kuna asubuhi za nyuzi 20 chini ya sifuri. Navaa tabaka mbili: suruali nyembamba ya sufu, juu suruali ya kuskii niliyokata na kushonewa upya mguuni isiguse mnyororo. Cha kushangaza, miguu si tatizo kubwa. Vidole vya mikono na nyayo vinakufa kabla ya mapaja.

Sehemu moja tu ya chini ya kiuno ambayo watu wanaionea aibu kuitaja: akina kaka, kuna boksa zenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Nunueni. Anayecheka hajawahi kupashwa moto akiwa ameshaganda sehemu zile. Nilikuwa nalia bafuni kama mtoto mchanga.

Na toka nyumbani ukiwa unasikia baridi kidogo. Kama mlangoni uko mstarehe, baada ya dakika kumi utakuwa unatoka jasho, na jasho kwenye baridi ya huku ni adui kuliko upepo.

Ng'ombe wa Bluu

Wakuu mnazunguka sana. Jinzi. Nimevaa jinzi miaka yote na magoti ninayo.

Fundi Spoku

@Ng'ombe wa Bluu, jinzi ni pamba, nzito, ina mshono mnene kabisa pale unapokalia siti. Magoti unayo, tuambie na kwingine.

Nesi Mstaafu

Wapo walioambiwa na wazazi kwamba upepo wa goti unaleta ugonjwa wa viungo ukizeeka. Tuwekane sawa. Ugonjwa wa yabisi unaovimbisha viungo unatokana na kinga ya mwili kushambulia viungo vyenyewe. Gauti ni asidi ya yuriki. Haviletwi na asubuhi ya Njombe. Ila baridi inakaza misuli na kano, na aliye na maumivu tayari huyasikia zaidi. Kufunika goti ni jambo jema, mnaogopa tu kwa sababu isiyo yake.

Pili, dawa za kuchua. Naona vijana wanajipaka mapajani wakidhani wamevaa suruali. Ule moto ni mishipa ya fahamu ya ngozi inachokozwa. Upepo unapita vilevile. Kama ni lazima, vaa bukta kwanza, ndipo upake, na mikono uioshe kwa sabuni. Anayepaka kwanza kisha akavuta bukta kuipandisha ataelewa mwenyewe ninachosema.

Mzee wa Makete

Wanangu, sisi wa Ukinga tulipanda baiskeli za Phoenix tukiwa na kaptura. Soksi za sufu hadi gotini, alizosuka mama. Tukifika juu, kabla ya kuteremka, tunachomeka gazeti ndani ya kaptura, moja kila paja, na jingine kifuani. Likishalowa unalitupa. Kupanda unakuwa na moto wako, kuteremka ndiko kunakoua.

Tulitumia pia mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ndani ya viatu. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, mjukuu wangu anakata ile nailoni ya ndani ya gunia la mbolea. Nimemwambia aioshe vizuri kwanza.

Mpanda Vilima wa Arusha

Shikamoo Mzee. Gazeti kifuani hata waendeshaji wa mashindano ya Ulaya walilitumia kwenye miteremko ya milima, walikuwa wakipewa na watazamaji kileleni.

Makala Express

Jambo yenu wote. Hapa Lubumbashi, Juni na Julai asubuhi inashuka chini ya nyuzi 10. Wenye kuleta makala (mkaa) kutoka vijijini wanasukuma baiskeli zenye magunia hadi mabegani, wanavaa suruali mbili kuukuu, ya juu imekatwa magotini ili mguu ukunjike. Hakuna duka. Lakini ile ya kukata ya juu inasaidia kweli, jaribu wewe ambaye unasema magoti yanabanwa.

Belo la Makambako

Mimi nauza mitumba, niwape siri za kuchagua, maana taiti za baiskeli zinakuja kwenye belo na watu hawazijui, wanachukua wasichana wa mazoezi.

Vuta kitambaa kwa mikono miwili ukiangalia jua. Ukiona mwanga mweupe umejaa, imekwisha. Ukiachia, irudi yenyewe. Ikibaki imelegea, au ukasikia lastiki inalia kama majani makavu, weka chini. Kwenye vifuniko vya miguu, ndani juu kuna ukanda wa mpira unaoshika ngozi; pitisha kidole, kama unateleza hauna kazi. Mimina matone ya maji pajani: yakisimama juu yakaviringika, kitambaa bado kina dawa ya kuzuia maji. Yenye sponji mimi mwenyewe siwashauri mnunue, sponji iliyokaliwa na mtu mwingine ni ya huyo mtu. Tafuteni isiyo na sponji, mvae juu ya bukta yenu.

Na uijaribu ukiwa umechuchumaa. Ukisimama kila taiti inakutosha.

Kibena Kila Siku

Shukrani wakuu, shikamoo kwa wazee wote. Naenda na wazo la Limuru, taiti na vipande vya nailoni mbele, na bukta pana ya Mama Wawili juu ili wa kazini wasinione kituko. Suruali ya sufu ya Bibi nimeiona bei yake, nimefunga simu.

@Belo la Makambako, unazo za mtu wa kilo 98 mwenye mapaja?

Belo la Makambako

Ninazo mbili, nyeusi. Moja ina zipu kifundoni. Nakuwekea mpaka Jumamosi.

Mama Wawili Mbeya

Usitume pesa kabla hujachuchumaa.