Mama muuza mkaa wa Chamwino ndiye aliyeipasha moto dunia? Acheni kutuonea!

Wakuu, nimekereka. Juzi kwenye semina ya mazingira hapa Dodoma, mtoa mada kasimama mbele ya akina mama wanaouza mkaa wa kupima, anawaambia wao ndio chanzo cha joto la dunia. Mama ambaye mvua ilikata Februari, alizeti ikamkaukia shambani, ndiyo maana kaingia kwenye mkaa! Na wale akina mama wakainamisha vichwa kama wezi waliokamatwa. Roho iliniuma sana.

Tuseme ukweli. Joto hili limeletwa hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Vikichomwa vinatoa hewa ukaa, gesi inayonasa joto, na ikishapanda, nyingine inabaki angani karne na karne, kwa hiyo moshi wa viwanda vya Uingereza vya enzi za malkia Victoria bado unatuchoma leo. Kwa hesabu ya tangu viwanda vianze, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na nishati hizo. Kwa mwaka sasa inaongoza China, karibu theluthi ya dunia, maana umeme wake mwingi ni wa makaa ya mawe. Lakini gawanya kwa vichwa: Mmarekani mmoja anatoa tani kama 14 kwa mwaka, Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Afrika nzima ni kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka, na humo sehemu kubwa ni Afrika Kusini na makaa yake ya mawe, pamoja na Misri, Algeria na Nigeria.

Kukata miti kunaongeza hewa ukaa, hilo silikatai. Kondoa ardhi ililiwa na makorongo mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973. Huo msiba ni wetu na tuushughulikie: gesi ishuke bei mpaka mama wa kijijini aweze kujaza mtungi kila unapoisha. Ila usimbebeshe mzigo wa Texas kule Marekani!

Mwaka 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Zikazifikisha 2022, tena nyingi zikiwa mikopo. Mikopo, jamani! Mbona hilo halikutajwa semina nzima?

Watoa mada mliomo humu, semina ijayo bandikeni ukutani jedwali la nchi zote na tani zake, halafu mwacheni yule mama aulize maswali.