Hivi kwanini nyimbo za siku hizi hazina mvua wala mlima?

Kijana wa Uyole: Wakuu habari za jioni. Jana nimepanda Coaster kwenda Tukuyu, dereva kaweka nyimbo zake, njia nzima ni hela, cheni, gari kali, demu kaachwa sababu jamaa hana kitu. Nje huku mlima Rungwe umejifunika ukungu, migomba, chai, na hamna anayeuimba. Siku hizi hata dogo wa Makete akiingia studio anaimba Masaki ya Dar, na hajawahi kufika. Tumekwama wapi?

Binti Makete: Kaka mi naona nyimbo ziliondoka na kazi. Bibi yangu alikuwa anaimba akipalilia ngano, akisaga ulezi, na mule ndani kuna mvua, kuna ndege wanaokula mbegu, maana ndo vilikuwa maisha yake. Sasa hivi mlima mzima ni mipaina, ukishapanda unasubiri miaka kibao uuze mbao, hakuna wa kuimba naye shambani

Mzee wa Chunya: Vijana msidanganyane, hela haijaanza jana. Miaka ya 1930 watu walijazana Lupa huku Chunya kufuata dhahabu, wengine wakapitiliza mpaka migodi ya Afrika Kusini, mnadhani walikuwa wanaimba maua?

Mama Chai: Sawa mzee ila maua yenyewe si ndo yanauzwa. Kitulo pale tunapaita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa 2005 sababu ya maua, na bado watu wamekuwa wakichimba viazi vya maua ya okidi, vinavushwa Tunduma kwenda Zambia, kule wanavitwanga wanapika na unga wa karanga wanaita chikanda. Ua linang'olewa na mzizi wake halafu mnashangaa halipo kwenye wimbo!!

Jamaa wa Usangu: Na Ruaha Mkuu je? Tangu 1993 unakauka kiangazi kule hifadhini, maji mengi yanaishia huku juu kwenye mashamba ya mpunga, na mimi nalima huo mpunga sijifichi. Msanii akiuimba huo mto nitamsikiliza, ila promota atamuuliza video tunashutia wapi, kwenye mchanga?

Kijana wa Uyole: 😂😂 Jamaa umeua. Dada Makete kama bibi bado yupo mrekodi hata kwa simu, utume humu. Na wewe mzee wa Chunya unatetea hela kwa nguvu hivyo, juzi si umeposti unauza shamba la mipaina?

Mzee wa Chunya: Bado lipo, njoo PM.