Vitz inalala nje Fuoni: nitie alamu au GPS?

BiFuoni
Assalaam alaykum. N'na Vitz ya zamani, otomatiki, ya ufunguo wa kawaida. Nyumba haina geti. Juzi jirani yangu kaamka vioo vya pembeni vyote viwili havipo, na ndani kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, imeng'olewa. Fundi mmoja ananambia nitie GPS, mwengine alamu. Pesa yangu ya kimoja tu.

KijanaWaMaskani
GPS dada. Gari unaiona kwenye simu hata ukiwa shamba.

FundiWaya_Kwerekwe
Waalaykum salaam bibie. GPS itakwambia gari iko wapi, na ya jirani yako ilikuwepo pale pale. Kilichoondoka ni vioo. Hapa Unguja kuiba gari nzima ni shughuli: kuitoa kisiwani mpaka ivuke bahari, na kwenye meli wanataka karatasi. Kioo kinaingia mkobani.

Kwa hiyo anza kwa kuchonga namba ya gari kwenye vioo na taa. Ichongwe waziwazi, usimwambie aifiche pembeni eti itaharibu urembo. Inatakiwa anayeuziwa kioo cha wizi aione. Kazi rahisi hiyo, na ndiyo watu wanayoidharau.

Baada ya hapo tia alamu, lakini msimamie fundi. Wengi wanafunga waya za milango tu, boneti wanaiacha, na betri iko huko. Mwambie atie swichi ya boneti. Tena sensa ya mtikisiko aipunguze ukali. Ukiiacha ilivyo, kila paka akirukia gari inalia, mtaa unazoea, na siku ya mwizi hafungui mtu dirisha. King'ora akifunge juu kisipigwe na maji. Huku kwetu chumvi inakula waya haraka.

KijanaWaMaskani
Fundi anauza alamu huyo 😂

FundiWaya_Kwerekwe
Nauza zote mbili, sheikh. GPS inataka laini yenye bando. Bando likiisha una kiboksi tu chini ya dashibodi.

MpembaMjini
Na swichi ya siri kwenye pampu ya mafuta?

FundiWaya_Kwerekwe
Kwenye pampu siipendi. Waya ukilegea gari inazimika njiani, na nyuma yako daladala la Mwanakwerekwe halina subira. Mie swichi hiyo naitia kwenye waya wa stata, mota inayowasha injini. Gari ya gia za mkono mwizi anaweza kuisukuma ikawaka, ila ya bibie ni otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa. Swichi yenyewe asiijue mtu, hata anayekuoshea gari.

BiFuoni
Shukrani. Na bima? Yangu ile ndogo.

FundiWaya_Kwerekwe
Ndogo inamlipa uliyemgonga, wizi haumo. Ukipanda kwenye kubwa, waulize kabla hujatia saini: kioo kikiibiwa peke yake wanalipa, au mpaka iondoke gari nzima? Wakuoneshe palipoandikwa.