Mama anasafishwa damu na mapigo ya moyo yanaenda ovyo: anywe dawa ya kuzuia damu kuganda?

BintiUmoja: Habari zenu. Mama ana miaka 69, husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Majuzi walipima moyo wakakuta mapigo hayana mpangilio. Daktari wa moyo akamwandikia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: donge la damu likitokea moyoni laweza kupanda kichwani likaleta kiharusi. Daktari wa figo akasema tungoje, atavuja damu. Alhamisi sindano zilipotolewa mkononi, damu ilikataa kukoma. Nilikandamiza dakika 40, nimepiga magoti kando ya kiti chake, mama ndiye ananipa pole. Nimsikize nani?

NesiWaZamu: Pole sana dada. Nahudumu kitengo cha dayalisisi, yaani cha kusafisha damu. Wote wawili wana hoja, kwa sababu figo zikifeli damu huganda kwa urahisi na huvuja kwa urahisi vilevile. Tafiti kubwa za dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama apiksabani na dabigatrani, ziliwaacha nje wagonjwa wa dayalisisi, ndiyo maana madaktari hawasemi lugha moja. Uliza kuhusu apiksabani. Figo huitoa mwilini kama robo yake tu, lakini dabigatrani ni kama asilimia 80, hiyo huenda isimfae. Tena mashine yenyewe hutumia heparini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Waeleze zile dakika 40 kabla hajaunganishwa tena, wanaweza kuipunguza.

KijanaWaKangemi: Baba yangu alikuwa kwa warfarini. INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilitakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Sukuma wiki hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo alikula kipimo kilekile alichopangiwa. Wiki moja akakosa hamu, mboga hakugusa, INR ikapanda hadi fizi zikatoa damu.

Mkulima254: Mpe kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi, hizo hulainisha damu bila kemikali.

NesiWaZamu: Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Ukivizidisha juu ya warfarini, atavuja zaidi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni pia asiguse, na aspirini si mbadala wa dawa hizi. Dada, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, msingoje siku ya kliniki.

BintiUmoja: Mungu awabariki. Daktari wa figo amekubali kuzungumza na mwenzake wa moyo, na Jumatano tunaenda kliniki. La heparini nimeliandika la kwanza kwenye karatasi, la apiksabani la pili.