Njiwa mwenye pete katua roshanini na haondoki: nimzoeshe vipi bila kumfungia?

Chausiku_Upanga
Habari zenu wadau. Kuna njiwa wa kijivu, mwenye mistari miwili myeusi bawani, ametua kwenye roshani ya ghorofani huku Upanga na haondoki. Mguuni ana pete ya bluu yenye herufi na namba. Si tetere wala pugi, ni njiwa wa kufugwa kabisa. Akiona mchele anasogea, mkono ukinyooshwa anarukia ukingoni. Majirani wanasema nimkate mabawa nimtie tunduni. Mimi nataka azoee kwa hiari yake, aje na kuondoka apendavyo. Nianzie wapi, nimlishe nini, na hiyo pete ina maana gani?

Mfugaji_Tanga
Dada, mabawa usiyaguse. Njiwa aliyekatwa hawezi kumkimbia paka wala mwewe, na unyoya uliokatwa hauoti upya mpaka kisiki chake kidondoke chenyewe wakati wa kunyonyoka. Hiyo ni kazi ya miezi.

Kabla ya mazoea, maji. Njiwa wa pete anayetua mahali pageni mara nyingi amepotea njia na amechoka, na kiu humwangusha mapema kuliko njaa. Hanywi kama kuku anayeinua kichwa. Anatumbukiza mdomo wote na kufyonza. Kisahani cha chai hakimfai. Weka bakuli zito la udongo lenye maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, ubadilishe asubuhi na jioni.

Chakula cha mwanzo kiwe punje ndogo: uwele, mtama, mchele mbichi. Mahindi na kunde zingoje mpaka awe anakunywa vizuri na kinyesi kimekaza, kwa sababu punje kubwa kavu zikiingia kwenye gole (kifuko cha chakula shingoni) lisilo na maji hukwama humo. Baadaye changanya mtama na ngano mafungu mawili, mahindi yaliyopasuliwa fungu moja, choroko au kunde fungu moja. Njiwa mzima anatosheka na gramu 30 hivi kwa siku, kama vijiko viwili vya mezani vilivyojaa. Mwekee pembeni mchanga mnene uliooshwa pamoja na magamba ya chaza yaliyosagwa, yale ya duka la mifugo, maana bila vijiwe tumboni hasagi nafaka. Mkate, maandazi na chochote chenye chumvi, hapana. Parachichi ni sumu kwa ndege, na maharage makavu yasiyopikwa vilevile.

Sasa mazoea. Usimwachie chakula kutwa nzima. Gawa zile gramu 30 mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, azipate zote lakini azipate ukiwa umekaa hapo. Kila mara kabla ya kumwaga, tikisa mtama ndani ya kopo lilelile. Baada ya muda atakuja kwa mlio huo. Kaa sakafuni, umpe ubavu. Ukimkazia macho yote mawili, kwake wewe ni mwindaji. Mwaga punje kwenye umbali ambao anakula bila kusita, hata kama ni mita mbili. Akila kwa utulivu, mlo unaofuata sogeza shubiri moja. Akirefusha shingo na kubana manyoya hadi akonde, umeharakisha: rudi pale ulipokuwa. Akijichambua manyoya mbele yako au akasimama kwa mguu mmoja, endelea.

Mabaki yaondoe baada ya robo saa. Kunguru wa Dar wakishajua roshani ina nafaka watamfukuza mgeni wako, na panya watafuata usiku.

Hatua ya mkono: laza kiganja sakafuni, vidole vimenyooka, weka karanga mbichi zilizovunjwavunjwa zisizo na chumvi. Karanga usimpe wakati mwingine wowote, ziwe za mkononi tu. Ataanza kwa kudonoa na kuruka nyuma, tena na tena. Wewe tulia. Wengi huharibu pale njiwa anapopanda kiganjani: furaha inawazidi, wanafumba vidole. Ukimshika mara moja, unaanza upya kutoka mita mbili, na safari hii atachelewa zaidi. Na wakati wote huo njia ya kurukia nje ibaki wazi nyuma yake, usikae kati yake na uwazi.

Kombo_Pete
Kuhusu pete. Kama haina mshono, alivishwa akiwa kifaranga cha wiki moja hivi, wakati vidole bado vinapita. Mguu ukinenepa haitoki tena, kwa hiyo kuna mtu alimkuza. Usimkamate ili uisome. Piga picha kwa simu wakati anakula, kisha uikuze. Kwa kawaida utaona herufi za nchi au chama (mathalani GB ni Uingereza, NL Uholanzi, BELG Ubelgiji), tarakimu mbili za mwaka aliozaliwa, halafu namba yake. Mguu wa pili ukiwa na pete nene ya plastiki, huenda ina chipu ya kupimia muda wa mashindano ya njiwa kuruka kurudi kwao.

Ulizia kwa wafugaji wa njiwa wa hapo mjini, lakini namba usiitangaze yote. Anayedai ni wake akutajie tarakimu za mwisho. Njiwa wa mashindano akipata maji, chakula na mapumziko ya siku moja au mbili mara nyingi hujiondokea kurudi kwao. Akiondoka, usisikitike, kazi yako imefanikiwa.

Dk_Mifugo
Naongeza ya afya. Kinyesi kizuri ni kidonge cha kahawia au kijani kilichokoza chenye kofia nyeupe. Kikiwa maji ya kijani kibichi, hajala au anaumwa. Shingo ikipinda, au akidonoa akikosa punje iliyo mbele yake, shuku kideri cha njiwa, ugonjwa wa virusi: mtenge na kuku wote wa jirani. Utando wa njano mdomoni ni ugonjwa wa koo unaoletwa na kijidudu cha trikomona. Unatibika, ila kwa dawa na kipimo cha daktari wa mifugo. Dawa ya kuku ya kukisia ni hatari.

Tazama na vidole. Nywele na nyuzi za cherehani hujizungusha zikakata damu mpaka kidole kinakauka. Hapo tu ndipo kumshika kunaruhusiwa: mfunike kwa kanga nyepesi, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, kata uzi kwa mkasi mdogo.

Kinyesi kikavu kilowanishe kabla ya kufagia, kwani vumbi lake linaumiza mapafu. Nyumbani kukiwa na mtu mwenye kinga dhaifu, kazi hiyo asiifanye yeye.

Chausiku_Upanga
Asanteni sana, karanga zimefanya kazi, sasa anakula kiganjani. Ila siku hizi anavimbisha shingo, anazunguka akiinamainama na kunguruma, halafu ananipiga bawa. Nimemuudhi?

BintiMakorora
Hujamuudhi shosti, anakutongoza. Kuinama na kuzunguka mkia ukifagia chini ni posa, hasa ya dume. Bawa analipiga anapolinda pembe aliyoichagua kuwa kiota, kwa hiyo mlishe mbali na pembe hiyo.

Usimpapase mgongoni wala chini ya mabawa, kwake huo ni mguso wa mwenza. Kichwani na shingoni panatosha. Akiwa jike, mapapaso hayo yanaweza kumfanya atage hata bila dume: mayai mawili, la pili siku moja au mbili baada ya la kwanza. Yakitokea na hujamwona na dume, usiyatupe. Ukiyaondoa atataga mengine haraka, chokaa ya mwilini iishe, na yai limkwame. Mwachie ayalalie. Njiwa hulalia siku 17 hadi 19. Yakipitiliza wiki tatu atayaacha mwenyewe, hapo ndipo uyatoe. Muda wote huo magamba ya chaza yasikosekane.