Ukoo wa Bwire: Ukara hadi Mwanza

*Ijumaa*

Magesa (Ukara), 06:14
Shikamooni wakubwa. Bibi hajalala. Leo siku ya nne tangu ateleze gatini na ndoo ya dagaa, nyonga imevimba.

Shangazi Nyamwiza (Igoma), 06:19
Marahaba baba. Si mlivuka naye juzi?

Magesa, 06:22
Tulivuka. Tuling'oa mbao za kukalia tukamlaza katikati ya mtumbwi, dripu nikaifunga kwenye kasia nikalishika wima mpaka Bugolora, ng'ambo Ukerewe. Kufika hospitali, mashine ya picha ipo, imefunikwa kitambaa kama kochi la wageni. Mtaalamu yuko likizo. "Rudini Jumatatu." Pale mjini hatuna pa kulala, tukarudi.

Baba Mkubwa Bwire (Nyegezi), 06:25
Poleni. Subira jamani, serikali inafanya. Daraja la Kigongo–Busisi tulikuwa tunaota, leo kilomita 3 juu ya maji unapita bila hata kuzima redio.

Shangazi Nyamwiza, 06:26
Kaka usinianze asubuhi hii. Mama analipitia wapi hilo daraja? Busisi na Ukara wapi na wapi!

Baba Mkubwa Bwire, 06:28
Nasema maendeleo kwa ujumla. Na meli ya MV Mwanza ile, abiria 1,200.

Shangazi Nyamwiza, 06:30
Na inatia nanga Ukara? Zaidi ya bilioni 700 kwa daraja, halafu mtu mmoja wa kubonyeza mashine akienda likizo hana wa kumshikia zamu. Ni kwamba mtaalamu wa picha hakatiwi utepe, basi.

Neema (Sengerema), 06:41
Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Ndio natoka zamu ya usiku. Shangazi, daraja usilitukane. Kabla ya Juni 2025 gari letu la wagonjwa lilikuwa linakaa foleni ya kivuko na mama mjamzito ndani anavuja damu. Nimekaa hiyo foleni. Sasa tunapita dakika chache.
Ila kwa watu tuko hoi. Wodi yangu usiku tuko wauguzi wawili. Mwaka 2001 pale Abuja nchi zetu ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na sisi bado tuko mbali nayo.

Baba Mkubwa Bwire, 06:44
Sawa, hapo nakubali.

Shangazi Nyamwiza, 06:47
Wodi za hapo Ukara zenyewe zimejengwa na rambirambi za ajali ya kivuko cha MV Nyerere. Mpaka watu zaidi ya 220 wafe, Septemba 2018. Mimi nikipita pale huwa siangalii ukuta.

Magesa, 06:49
Wa hapa kituoni hawana kosa, wanamgeuza Bibi kila mara na dawa ya maumivu wanampa. Kuna mzee jirani anataka kuja kumkanda na mafuta ya moto.

Neema, 06:50
ASIMGUSE. Kaka, nisikilize. Nyonga iliyovunjika inatakiwa ipasuliwe ndani ya siku mbili hivi, sisi tumeshapitiliza. Jumatatu sahau. Mwombe daktari wa hapo aandike rufaa ya moja kwa moja Mwanza, na karatasi ya juzi uwe nayo. Kitambulisho chake cha wazee usikisahau, wataanza na hicho.

Magesa, 06:53
Ziwa limechafuka tangu usiku. Wavuvi wanasema saa nne upepo utatulia. Mafuta ya injini sina.

Baba Mkubwa Bwire, 06:58
Nimetuma 80,000. Angalia.

Magesa, 06:59
Imeingia, asante Baba Mkubwa.

Shangazi Nyamwiza, 07:01
Asante kaka. Mimi nakuja gatini Mwanza na godoro na uji. Magesa, simu iwe na chaji!

Magesa, 07:04
Sawa. Bibi amesikia nawasomea. Anauliza zile dagaa alizoanika Jumanne nani amezianua.