Mikanda ya siti imechakaa: ya mtumba au mipya?

Wakuu, naomba ushauri. Gari langu ni la zamani, injini bado iko vizuri, ila mikanda ya siti za mbele imechoka. Wa dereva umeanza kutoka nyuzi pembeni, pale unapopita kwenye kipete cha juu ya bega, na umepauka kwa jua. Ukiuachia haurudi mpaka uusukume kwa mkono. Nikiuvuta ghafla unajifunga, kwa hiyo huenda kinachouzuia kurudi ni uchafu tu.

Fundi mmoja kaniambia ushonwe. Hilo nimelikataa, uzi wa cherehani utamzuia nani gari likigonga? Mwingine anasema nichukue wa mtumba kwenye gari lililokatwa. Hapo ndipo nasita, maana mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali huwa umeshavutika, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Nitaujuaje?

Kuna aliyebadilisha utepe peke yake akaacha mtambo wa zamani unaoukunja ndani? Na boliti mlirudisha zilezile? Langu halina vikaza mkanda vya baruti (vile vinavyolipuka kidogo kuukaza mkanda gari likigonga), kwa hiyo kufungua naweza mwenyewe.